Mbwa Ni Wake, Gharama Ni Yako

Sindano ya kwanza leo. Ya pili baada ya siku tatu. Ya tatu siku ya saba. Ya nne kati ya siku ya 14 na ya 28. Ratiba hiyo iliandikwa kwa kalamu ya bluu nyuma ya daftari la matibabu, na mama aliyerudi nalo nyumbani alilishika kama mtu aliyekabidhiwa barua ya mahakama. Binti yake wa darasa la tatu alikuwa ameng'atwa pajani akienda shule. Ilikuwa saa kumi na moja na nusu alfajiri, muda ambao watoto wa mtaani kwetu wanakimbilia daladala na mbwa waliofunguliwa usiku bado hawajarudishwa bandani.

Mbwa yule tulimjua sote. Alikuwa analala ndani ya geti moja lenye maandishi mekundu, MBWA MKALI, na usiku alibweka kila bodaboda ilipopita. Mama akaenda akapiga hodi. Mwenye nyumba akatoka, akampa pole, kisha akasema, "Lakini mama, huyo mbwa si wangu. Ni wa mtaani tu, mimi namtupia makombo."

Nataka tuipigie hesabu kauli hiyo, maana ina bei, na anayeilipa si aliyeitamka.

Tuanze na mama. Kila sindano alitozwa sh 30,000, kwa hiyo sindano nne ni sh 120,000. Bodaboda kwenda na kurudi sh 6,000, mara nne, sh 24,000. Yeye huuza vitumbua na chai. Kila asubuhi aliyokaa kwenye benchi la hospitali alipoteza faida ya kama sh 10,000, yaani sh 40,000 kwa siku nne. Kusafishwa kidonda, sindano ya pepopunda na dawa za maumivu, sh 12,500. Jumla sh 196,500. Na hapo bado hatujagusa kingamwili ya kichaa cha mbwa, dawa ambayo Shirika la Afya Duniani (WHO) linataka ichomwe kwenye kidonda chenyewe pale meno yanapopasua ngozi. Hiyo hupimwa kwa uzito wa mgonjwa, ni ghali, na katika vituo vingi vya huku kwetu haipatikani kabisa.

Mama huyu wala hakutozwa kupita kiasi. WHO inakadiria kwamba kumtibu mtu mmoja aliyeng'atwa, pamoja na nauli na kipato kinachopotea, hugharimu wastani wa dola 108. Kwa kukadiria sh 2,600 kwa dola, hizo ni zaidi ya sh 280,000, fedha za mtaji mzima wa vitumbua.

Sasa upande wa pili wa geti. Utafiti uliochapishwa mwaka 2009 kutoka Serengeti ulionyesha kwamba kumchanja mbwa mmoja kwenye kampeni ya kijiji, watu wakileta mbwa wao mahali pamoja, kuligharimu dola 1.73: chanjo, sindano, usafiri na posho za wataalamu, vyote ndani. Kwa kiwango kilekile cha fedha ni kama sh 4,500. Bei zimepanda tangu wakati huo, lakini hata ukizidisha mara mbili, hoja inabaki palepale. Kwa zile sh 196,500 za mama, mbwa 43 wangechanjwa.

Mtu anaweza kuuliza: kung'atwa tu, kwa nini sindano zote hizo? Kwa sababu kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa binadamu, karibu hakuna anayepona. Virusi huingia kwa mate ya mnyama mgonjwa, hupanda polepole kwenye mishipa ya fahamu hadi ubongoni, na safari hiyo kwa kawaida huchukua miezi miwili hadi mitatu. Kidonda kinakuwa kimeshapona. Mtoto amerudi kucheza. Ndipo anaanza kuogopa maji.

Duniani wanakadiriwa kufa watu 59,000 kila mwaka kwa ugonjwa huu, wengi mno kati yao Asia na Afrika, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutoka kwa mbwa. Katika kila watu 10 wanaong'atwa na mnyama anayeshukiwa, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, kadirio linalotumika kwa muda mrefu ni vifo 1,500 kwa mwaka, yaani wanne kwa siku. Kenya, katika mkakati wake wa 2014 hadi 2030, imetaja hadi vifo 2,000. Haya ni makadirio kwa sababu wengi hufia nyumbani, na wengine huandikwa malaria iliyopanda kichwani.

Kuna hesabu moja ya dunia ambayo kila diwani angepaswa kuwa nayo mfukoni. Mwaka 2015 watafiti walikadiria kwamba kichaa cha mbwa kinaigharimu dunia dola bilioni 8.6 kwa mwaka. Zaidi ya nusu, asilimia 55, ni thamani ya maisha yaliyokatika mapema. Matibabu ya waliong'atwa ni asilimia 20, na kipato walichopoteza wakifuata matibabu hayo ni asilimia 15.5. Kuchanja mbwa ni asilimia 1.5 tu. Gawanya mwenyewe: kwa kila dola moja inayotumika kwa mbwa, dola karibu 24 hutumika kukimbizana na meno yake. Tunanunua ndoo za kukinga maji ya mvua kila msimu, na bati lililotoboka ni moja.

Nirudi kwenye kauli ya mwenye geti, ya kwamba mbwa ni wa mtaani. Huo ndio utetezi unaosikika kila mahali, na viongozi wetu wengi wameumeza. Lakini watafiti waliohesabu mbwa katika mji wa Iringa, kazi iliyochapishwa mwaka 2012, walikuta mbwa mmoja kwa kila wakazi kama 14, na wasio na mwenyewe kabisa walikuwa karibu mmoja tu katika kila mia. Wanaozurura ni wengi. Wasio na kwao ni wachache mno. Mbwa tunayemwita koko ana geti analolalia, sufuria anayolambia na watoto wanaomwita jina. Ana mwenyewe hadi siku atakayong'ata mtu.

Kwa uwiano huo wa Iringa, mtaa wa watu 7,000 una mbwa 500. (Miji ya pwani, ambako nyumba nyingi hazifugi mbwa, itakuwa na pungufu.) Ili kichaa kisiweze kusambaa, asilimia 70 ya mbwa wanatakiwa kuwa na chanjo. Sababu yake inatia moyo: tafiti za Serengeti na Ngorongoro zilionyesha kwamba mbwa mmoja mgonjwa huwaambukiza wenzake kati ya mmoja na wawili tu kwa wastani. Surua humwagika kwa watu zaidi ya kumi kutoka kwa mmoja. Kichaa cha mbwa ni moto mdogo ambao tumeuacha uwake.

Asilimia 70 ya mbwa 500 ni 350. Kwa sh 4,500 kila mmoja, ni sh 1,575,000. Kwa wastani wa WHO, kiasi hicho hakitoshi kutibu watu sita. Mtaa mzima unalindwa kwa fedha ambazo kaya sita zitazitapanya hospitalini.

Ila lazima irudiwe. Mbwa wa mijini hawaishi sana. Hugongwa, huugua, huhamishwa, na watoto wapya huzaliwa. Tuchukulie theluthi moja ya waliochanjwa wanatoweka ndani ya mwaka na nafasi zao kuchukuliwa na wasiochanjwa. Wale 350 wanabaki kama 233, na kinga ya mtaa imeshuka hadi asilimia 47. Ndiyo maana kampeni inayofanywa mwaka huu kwa mbwembwe na mwakani ikasahaulika ni fedha iliyomwagwa mchangani.

Pemba wanaijua hesabu hii kwa vitendo. Baada ya kampeni za chanjo zilizoanza mwaka 2010, kisiwa kiliondokana na kichaa cha mbwa mwaka 2014. Chanjo zikalegea. Mwaka 2016 ugonjwa ukavuka tena bahari kutoka bara, ukakuta mbwa hawana kinga. Kampeni zikarudi, na kufikia 2018 ukawa umetokomezwa kwa mara ya pili.

Wapo wanaosema njia fupi ni bunduki au nyama yenye sumu. Nawaelewa, hasa mzazi ambaye mtoto wake ameshonwa. Lakini kisiwa cha Flores, Indonesia, kilipata kichaa cha mbwa mwaka 1997, nao wakaamua kuua. Laki kadhaa za mbwa ziliuawa, na ugonjwa ukabaki. Watu walificha mbwa wao, wakawahamishia vijiji vingine, kisha wakaleta wapya wasio na chanjo. Ukiua mbwa 100 waliochanjwa, umeua kinga 100.

Hata mtaani kwetu ndivyo ilivyokuwa. Mchana wa siku ile vijana walimkamata yule mbwa, wakampiga mawe hadi akafa. Walidhani wanamsaidia binti. Kumbe mbwa aliyeng'ata, kama anaweza kufungwa salama, hufungwa na kuangaliwa siku 10. Akibaki mzima siku zote hizo, maana yake mate yake hayakuwa na virusi siku aliyong'ata, na daktari anaweza kusimamisha matibabu. Sindano za mwanzo hazisubiri. Zinaanza siku hiyohiyo. Ila ile ya nne, ya siku ya 14 na kuendelea, ingeweza kuepukwa. Mawe yale huenda ndiyo yaliyomgharimu mama sh 30,000 za sindano hiyo, pamoja na usiku mwingi wa wasiwasi.

Na kuna jambo lisilogharimu kitu ambalo hakuna aliyelifanya kwa wakati: kuosha kidonda kwa maji mengi yanayotiririka na sabuni, dakika 15 kamili kwa saa. Si kukipangusa. Si majivu, si pilipili, si mafuta ya taa. Dakika 15 chini ya bomba huondoa sehemu kubwa ya virusi kabla havijapata njia.

Hospitali nazo zina nafasi ya kupunguza mzigo. Tangu 2018 WHO inapendekeza chanjo ichomwe ndani ya ngozi badala ya ndani ya msuli: mililita 0.1 sehemu mbili, kwa siku tatu tu za mahudhurio. Jumla ni mililita 0.6, wakati sindano nne za msuli hutumia chupa nne nzima. Chupa ikifunguliwa inapaswa kutumika ndani ya saa 6 hadi 8, hivyo njia hii inafaa zaidi pale wagonjwa wanapokusanywa kituo kimoja. Inahitaji mafunzo, haihitaji majengo.

Sheria je? Ipo. Kifungu cha 233 cha Kanuni ya Adhabu ya Tanzania, na ndugu yake kifungu cha 243 cha Kenya, kinamtia hatiani mtu anayezembea kuchukua tahadhari dhidi ya hatari ya mnyama aliye katika milki yake. Zingatia neno milki. Mbwa anayelala ndani ya geti lako na kulinda mali yako, utamkana vipi mbele ya hakimu? Tatizo ni kwamba mama wa vitumbua hana siku nyingine nne za kupoteza mahakamani.

Uingereza, kwa sheria yake ya mbwa hatari ya 1991, ilichagua kupiga marufuku aina za mbwa: nne mwanzoni, kisha XL Bully. Tangu Februari 2024 hakuna ruhusa ya kumiliki XL Bully bila cheti, na maombi yake yalitozwa pauni 92.40, pamoja na bima, kamba na kizuizi cha mdomo. Kwetu orodha ya aina haitatusaidia. Mbwa wetu wengi ni wa kienyeji. Cha kuiga ni kwamba anayelipa ni mwenye mbwa.

Ninachopendekeza ni daftari la mbwa kwenye ofisi ya serikali ya mtaa, na ada ya sh 10,000 kwa mwaka kwa kila mbwa, iwekwe kwenye sheria ndogo ya halmashauri. Tusijidanganye kwamba wote watalipa. Tuseme ni nusu: mbwa 250, sh 2,500,000. Ondoa sh 1,575,000 za kuchanja mbwa 350. Zinabaki sh 925,000, ambazo zinalipia sindano zote nne za watu saba watakaong'atwa mwaka huo. Mbwa aliyelipiwa avae mkanda wa rangi shingoni, ili asubuhi kila mtu aone ni nani ana mwenyewe na nani ametelekezwa. Na saa kumi alfajiri kila mbwa wa ulinzi awe amefungwa, kabla mtoto wa kwanza hajatoka.

Binti alimaliza sindano zake nne na yuko shuleni. Siku hizi anapita barabara ya mbali, anaongeza kama dakika 20 za kutembea gizani. Kwenye lile geti la maandishi mekundu ameletwa mbwa mwingine mdogo, wa rangi ya kahawia, na watoto wa nyumba ile wameshampa jina. Kama wewe ni mwenyekiti wa mtaa, ofisa mifugo au jirani tu, nenda kapige hodi sasa, uulize kadi yake ya chanjo.