Lugha ya Matangazo ya Sanaa na Burudani katika Redio za Mpakani: Busia na Malaba

Makala haya yanakusudia kueleza jambo dogo ambalo kwa kawaida halihesabiwi kuwa somo la kitaaluma, nalo ni matangazo ya sanaa na burudani yasomwayo redioni kwa ajili ya wakazi wa Busia na Malaba, upande wa Kenya wa mpaka wa Uganda. Matangazo hayo ni mafupi. Husomwa baina ya nyimbo mbili, hutaja ngoma itakayochezwa, mchezo wa kuigiza wa wanafunzi, bendi itakayopiga katika baa fulani, kisha yakapita. Walakini twaona kwamba ni hapa, kuliko katika taarifa ya habari, ambapo Kiswahili cha mpakani hutiwa katika mizani. Taarifa ya habari ikieleweka nusu, msikilizaji hapungukiwi na kitu siku ile. Tangazo la ngoma likieleweka nusu, mtu huvuka mpaka bure, au hukaa nyumbani wakati jamaa zake wanamngoja.

Yafaa kwanza tueleze mahali penyewe. Busia ni miji miwili yenye jina moja, na Malaba kadhalika: mmoja uko Kenya, wa pili uko Uganda, na baina yao pana kizuizi cha forodha. Kaunti ya Busia ya Kenya ilihesabiwa watu 893,681 katika sensa ya mwaka 2019. Humo wamo Wakhayo, Wamarachi, Wasamia na Wanyala, ambao lahaja zao ni za jamii ya Kiluhya, na hivyo ni za Kibantu. Wamo pia Wateso, ambao lugha yao ni ya Kiniloti na haina udugu wowote na Kibantu. Mwaka 1902 Mkoa wa Mashariki wa Uganda ulihamishiwa katika himaya iliyokuja kuitwa Kenya, na mstari wa mpaka ukapita katikati ya Wasamia na katikati ya Wateso. Kwa hiyo Msamia wa Funyula ana shangazi ng'ambo, na Mteso wa Amagoro ana wajomba Tororo. Juu ya hao wako wenyeji wengine ambao hawana ukoo hapo: madereva wa malori yatokayo Mombasa kwenda Kampala, Kigali na Kongo ya mashariki, mawakala wa forodha, walimu, askari na wachuuzi. Hao ndio wanaokilazimisha Kiswahili kiwe lugha ya mji. (Mpaka huu una mazoea ya kuzaa maneno. Boda boda, ambalo leo limeenea Afrika ya Mashariki nzima, lilitokana na waendeshaji baiskeli wa Busia waliowaita abiria kwa neno la Kiingereza lenye maana ya mpaka, wakilirudia mara mbili.)

Ama kuhusu redio yenyewe, kwa miaka mingi habari za namna hii hazikuwa na pa kusomwa. Sauti ya Kenya, kama lilivyoitwa shirika la utangazaji la taifa toka mwaka 1964 hadi 1989, ilikuwa na vipindi vya lugha za magharibi kutoka Kisumu, lakini idhaa inayosikika katika mkoa mzima haiwezi kueleza kwamba kesho kutwa kuna ngoma nyuma ya soko la Nambale. Jaribio la kwanza la redio ndogo ya wenyeji lilifanyika Homa Bay mwaka 1982 kwa msaada wa UNESCO. Serikali ikaifunga mwaka 1984. Ilibidi kungoja hadi marekebisho ya Sheria ya Mawasiliano ya mwaka 2009 ndipo redio jamii zilipotambuliwa na sheria kuwa fungu la pekee, mbali na redio za umma na za biashara. Siku hizi Budalang'i ina Bulala FM, iliyoanzishwa chini ya mpango wa RANET wa Idara ya Utabiri wa Hali ya Hewa na kujulikana zaidi kwa maonyo ya mafuriko ya mto Nzoia. Nao Wateso wana Emuria FM itangazayo kwa lugha yao. Vilevile redio za Tororo husikika Malaba bila shida. Leseni hutolewa na nchi moja, mawimbi huwafikia watu wa nchi mbili. Na mtangazaji aketiye mbele ya kinasa sauti hana budi kuwakumbuka wote wamsikiao, hata wale ambao leseni yake haiwataji.

Tuchukue sasa tangazo tulilolitunga wenyewe kwa mfano wa yasomwayo: "Jumamosi hii jioni, katika uwanja wa shule ya msingi ya Busia, kutakuwa na burudani ya ngoma za kitamaduni. Kiingilio ni shilingi elfu tano. Wote mnakaribishwa." Kisarufi tangazo hili halina dosari, na mwalimu angelipa alama zote. Lakini msikilizaji wa mpakani hawezi kulitumia. Busia ipi? Shilingi ya nani? Shilingi moja ya Kenya hubadilishwa kwa zaidi ya 20 za Uganda, kwa hiyo elfu tano ni kiingilio cha kawaida kwa upande mmoja, na kwa upande wa pili ni fedha ambayo mchuuzi wa samaki hawezi kuitoa kwa ajili ya ngoma. Watangazaji wazoefu huongeza "ya Kenya" au "ya Uganda" baada ya kila jina la mji na kila jumla ya fedha, hata pale ambapo mtu wa Nairobi angeliona ni maneno ya ziada. Si maneno ya ziada hata kidogo. Kile kiambishi kidogo cha uhusiano, ya, kinafanya hapa kazi ambayo penginepo hufanywa na ramani.

Lakini tatizo kubwa zaidi limo katika yale maneno mawili, "ngoma za kitamaduni", nasi tungependa kukaa hapa kidogo. Neno ngoma katika Kiswahili lina maana tatu ambazo hazitenganishwi: ni chombo kinachopigwa, ni mchezo unaochezwa, na ni mkutano wenyewe wa watu. Mswahili wa pwani huelewa kwa muktadha. Kwa msikilizaji wa Malaba, ambaye huenda lugha yake ya kwanza ni Kiteso, tangazo hilo halikumwambia ikiwa atasikia akogo au litungu, kadodi ya Wamasaba au ohangla ya Wajaluo. Na hakuna aendaye kwenye "ngoma za kitamaduni". Watu huenda kwenye kadodi. Huenda kwenye akogo. Kuyafuta majina hayo na kuweka fungu moja la maneno ni kama kuandika orodha ya chakula kwa neno "chakula".

Mtangazaji akijaribu kutafsiri, mambo huharibika kwa namna nyingine. Mathalani, litungu la Wabukusu na nyatiti ya Wajaluo ni vyombo vya aina moja: vina mikono miwili iliyounganishwa juu kwa mti wa kupitia, na nyuzi hushuka kutoka katika mti huo hadi kwenye bakuli lililowambwa ngozi. Tongoli ya Wapadhola wa Tororo ni ndugu yao, na jina lenyewe halikukaa mbali na litungu. Adeudeu ya Wateso ni chombo kingine kabisa. Ina shingo moja iliyopinda kama upinde. Kiswahili kina neno kinubi, na kamusi hutosheka kuviita vyote hivyo kwa jina hilo. Vivyo hivyo shiriri ya Waluhya na orutu ya Wajaluo, zenye uzi mmoja na zipigwazo kwa upinde, huitwa zeze. Lakini zeze kwa wengi ni jina la chombo chochote cha nyuzi. Ama akogo, ambayo ni vibao vya chuma vilivyopangwa juu ya kisanduku na kupigwa kwa vidole gumba, hutafsiriwa kuwa marimba, na msikilizaji wa Uganda aliyezoea embaire ya Wasoga, yenye magogo makubwa yapigwayo na watu kadhaa kwa pamoja, atatazamia jambo tofauti kabisa.

Rai yetu ni kwamba majina ya vyombo na michezo yaachwe kama yalivyo, nacho Kiswahili kiyabebe kwa viambishi vyake: wapigaji akogo, kikundi cha adeudeu, mashindano ya litungu. Wako wanaosema kwamba kufanya hivyo ni kukijaza Kiswahili maneno ya kigeni. Hoja hiyo hatuioni kuwa na nguvu. Kiswahili kilipokea gambusi na tarumbeta bila kuona haya, na hakuna sababu kipokee chombo kilichotoka ng'ambo ya bahari na kukataa kilichotoka ng'ambo ya mto Malaba. Wateso wa Kenya walihesabiwa zaidi ya 400,000 mwaka 2019. Ni watu wachache miongoni mwa watu wengi, na mtoto wao akuaye mjini husikia redio ya Kiswahili kuliko amsikiavyo nyanya yake. Ikiwa redio hiyo haimtajii adeudeu hata mara moja, basi atakapoliona chombo hilo katika Tamasha la Muziki la shule ataliita kinubi, na jina la kwao litakuwa limekwisha bila mtu yeyote kulikataza.

Neno la pili lenye mashaka ni burudani. Asili yake ni katika mzizi wa Kiarabu wenye maana ya ubaridi, ule ule uliotupa baridi; burudani basi ni kile kipozacho moyo. Kwa bendi ya Jumamosi, neno linafaa sana. Lakini sehemu kubwa ya muziki wa nchi hii haifanywi ili kupoza moyo wa mtu. Mzee mwenye heshima anapofariki, ngoma hupigwa, watu huimba na kucheza usiku kucha, na wapigaji hodari wa eneo zima huonekana hapo kuliko katika jukwaa lolote. Je, jambo hilo lisomwe katika matangazo ya burudani au katika matangazo ya vifo? Kwa desturi ya redio za Afrika ya Mashariki matangazo ya vifo yana utaratibu wake: ukoo hutajwa kwa urefu, waume na wake, watoto na wajukuu, kisha siku ya maziko. Muziki hautajwi. Kwa hiyo sanaa iliyo kubwa kuliko zote hukosa mahali pa kutangazwa, na hujulikana kwa wale tu wanaojua kusoma tangazo la kifo kwa jicho la pili: umri wa marehemu, wingi wa wajukuu, jina la kijiji.

Tofauti hiyo huonekana hata katika vitenzi. Kwa bendi husemwa "mnakaribishwa". Kwa kilio hakuna amkaribishaye mwenzake. Husemwa "mnajulishwa" au "jamaa na marafiki wanaombwa kufika", na mtangazaji kijana anayechanganya vitenzi hivi huwakera wazee hata kama hawatajua kueleza wamekereka kwa nini. Mkanganyiko ukazidi lilipozuka lile neno disko matanga, ambamo vijana hucheza muziki wa spika usiku wa maombolezo, mara nyingi kwa kisingizio cha kuchangisha fedha za maziko. Serikali imelipiga marufuku jambo hilo mara kadhaa kwa sababu ya madhara yanayowapata watoto, hasa wasichana. Twaona marufuku hayo yana haki. Lakini neno lenyewe latufundisha kitu: vijana waliona kwamba Kiswahili kimetenga burudani na matanga katika vyumba viwili, nao wakavunja ukuta kwa neno la kuunga, wakati bibi zao hawakuwa na ukuta huo hapo kwanza.

Mwisho tutaje suala la wakati. Saa zenyewe hazina shida, kwani Kenya na Uganda hufuata majira mamoja, na wenyeji wa pande zote huhesabu saa kuanzia mapambazuko. Shida iko katika usiku. Kwa hesabu ya asili ya Waswahili siku mpya huanza jua linapotua, na kwa hiyo usiku wa Jumamosi ni ule unaotangulia mchana wa Jumamosi. Mwenyeji wa Busia hahesabu hivyo. Kwake usiku wa Jumamosi ni ule unaofuata mchana wake. Mtu wa Lamu aliyehamishiwa forodhani akiambiwa kuwa kuna muziki usiku wa Jumamosi, na akalifuata Kiswahili cha kwao, atafika siku nzima kabla ya wapigaji. Kwa tatizo hili watangazaji wamekwisha kupata dawa, tena bila kamati yoyote ya lugha kuwasaidia. Husema "usiku wa Jumamosi kuamkia Jumapili", na fungu hilo la maneno limekwisha kuwa la kawaida hata katika taarifa za habari, ambako mara nyingi hutumika kueleza ajali za barabarani na wizi wa ng'ombe.