Miji Minne ya Ulaya na Watunzaji wa Majengo Yake

Mtu atokaye Afrika ya Mashariki akaenda kutembea Ulaya, jambo la kwanza limshangazalo ni ukale wa majengo. Huona kanisa lililoanzwa zaidi ya miaka mia nane iliyopita, na watu wangali wakiingia na kutoka kama kwamba lilifunguliwa jana. Hapo hudhani kwamba mawe ya huko ni magumu kuliko mawe ya kwetu, au kwamba mafundi wa kale walikuwa na siri ambayo wengine hawakuijua. Dhana hiyo si kweli. Katika miji minne tuliyoizuru mwezi wa Agosti mwaka 2025, yaani London, Paris, Köln na Florence, kila jengo kuu tulilolitazama lilipata kuungua, au kupigwa mabomu, au kuachwa bila kumalizika, au kukaribia kubomolewa. Yaliyoyaponya si mawe yake, bali ni watu.

Tulisafiri watu watano: mimi na mke wangu, binti yetu wa miaka 14, mdogo wake wa miaka 9, na mama yangu mzazi. Mama alikuwa na shauri lake moyoni. Nyumba aliyoachiwa yeye na ndugu zake na marehemu baba yao, iliyoko Mji wa Kale wa Mombasa, boriti zake za dari zimeanza kuoza, na chokaa ya kuta inabanduka. Jamaa wamegawanyika. Wako watakao itengenezwe kwa chokaa na boriti kama ilivyokuwa, na wako watakao dari ya zege na kuta za kupakwa saruji, ili kazi iishe mara moja. Mama, aliye mkubwa wao, alikuwa amekataa kutoa kauli mpaka aone wenzetu wanayafanyia nini majumba yao ya kale.

LONDON: KANISA LILILOZALIWA NA MOTO

Mwezi wa Septemba mwaka 1666 moto ulizuka katika nyumba ya mwoka mikate mjini London. Uliwaka siku nne hivi, ukateketeza nyumba zipatazo 13,000 na makanisa 87, na zaidi ya hayo kanisa kuu la St Paul's. Kazi ya kujenga jipya alipewa Christopher Wren, ambaye hapo kwanza alikuwa mwalimu wa elimu ya nyota katika chuo kikuu cha Oxford. Msingi ulianza mwaka 1675, na jengo likakamilika yapata mwaka 1710. Wren alijaliwa umri mrefu, akaliona limesimama, na alipofariki mwaka 1723 akazikwa ndani yake. Juu ya kaburi pana maneno ya Kilatini yamwambiayo mgeni kwamba, kama anatafuta kumbukumbu ya fundi huyo, na atazame pande zote.

Kuba la St Paul's lina hila ambayo watoto waliipenda sana. Ukiwa ndani, uonalo ni kuba moja. Ukiwa nje, uonalo ni kuba jingine, la mbao lililofunikwa kwa madini ya risasi. Kati ya hayo mawili, mahali pasipoonekana, pana ukuta wa matofali wenye umbo la pia, nao ndio ubebao mnara wa mawe ulio juu kabisa, unaofika mita 111 kutoka chini.

Usiku wa tarehe 29 Desemba 1940, wakati wa Vita Kuu ya Pili, ndege za Kijerumani zilimwaga mabomu ya moto juu ya mji huo. Bomu moja lilikwama katika kuba na kuanza kuyeyusha risasi, kisha likaanguka kwenye baraza ya mawe, likazimwa. Juu ya paa walikuwako watu wa kujitolea waliokesha usiku baada ya usiku, wakiwa na ndoo za maji na mchanga. Majumba ya jirani yaliteketea, kanisa likabaki.

Mama alisikiliza habari hizo, kisha akaniambia, "Mwanangu, huyu Wren hakulirudisha la kale. Alijenga jipya kwa namna mpya. Basi wale watakao zege nao wana hoja yao." Nikakubali kwamba ni kweli.

PARIS: MBAO KWA MBAO

Kutoka London tulipanda treni ipitayo chini ya bahari kwa njia iliyofunguliwa mwaka 1994, yenye urefu wa kilomita 50 hivi. Baada ya saa mbili na ushei tulikuwa Paris.

Kanisa la Notre-Dame lilianzwa mwaka 1163. Tarehe 15 Aprili 2019 paa lake liliwaka moto. Mnara wake mwembamba, uliojengwa katika karne ya 19, ulianguka mbele ya macho ya watu, na boriti za mialoni zilizobeba paa tangu zama za kale zikawa majivu. Watu wapatao 340,000 wa nchi 150 walichanga Yuro zaidi ya milioni 800.

Lakini fedha haikumaliza ubishi. Wako waliotaka mnara wa kioo, na wako waliotaka paa la mtindo mpya. Mathalani, katika mji wa Reims, baada ya Vita Kuu ya Kwanza, paa la kanisa kuu lilijengwa upya kwa zege, nalo lipo mpaka leo. Mwezi wa Julai mwaka 2020 ilikatwa shauri kwamba Notre-Dame irudishwe kama ilivyokuwa. Ikakatwa mialoni ipatayo 2,000, na maseremala wakaichonga kwa mashoka ya mkono kama walivyofanya wazee wao. Tarehe 7 Desemba 2024 milango ikafunguliwa. Sisi tulikuta mawe yake meupe kama yaliyotoka kuchongwa.

Kijana wetu aliuliza kwa nini walitumia shoka, hali misumeno ya mashine ipo. Jawabu ni kwamba shoka huufuata uzi wa mti, wala haliukati ovyo, na boriti iliyochongwa hivyo hubaki na nguvu zake. Tena, kazi hiyo ilifundisha vijana wengi ufundi uliokuwa ukielekea kupotea.

Siku ya pili tulikwenda kwenye Mnara wa Eiffel. Huu ni wa chuma, ulijengwa toka mwaka 1887 hadi 1889, nao una vipande 18,038 vilivyoshikamanishwa kwa ribiti milioni 2 na nusu. Wasanii wengi wa Paris waliuchukia, wakaandika barua ya kuupinga kabla haujasimama. Ruhusa yake ilikuwa ya miaka 20 tu, kisha ubomolewe. Ukaponea kwa kuwa ulifaa kwa mitambo ya simu ya upepo. Chuma hicho nacho kingeliwa na kutu kama hakingepakwa rangi. Mnara mzima hupakwa rangi upya kila baada ya miaka saba hivi. Basi hata kitu kipya cha chuma hakikuwaondolea wenyewe kazi ya kukitunza.

KÖLN: MIAKA 632

Kutoka Paris hadi Köln, katika Ujerumani, ni saa tatu na ushei kwa treni. Mtu atokapo stesheni huliona kanisa kuu mbele yake, limesimama kama mlima mweusi wenye vilele viwili, urefu wake mita 157.

Msingi wake uliwekwa mwaka 1248. Wajenzi waliendelea vizazi kwa vizazi, lakini fedha ikapungua na hamu ikapoa, na mwaka 1560 kazi ikasimama. Juu ya mnara wa kusini, ambao ulikuwa haujakwisha, ilibaki winchi kubwa ya mbao, nayo ilikaa pale karibu miaka 400, hata ikawa ndiyo alama ya mji. Watu walizaliwa, wakazeeka na kufa, wasijue Köln isiyokuwa na winchi ile.

Katika mwaka 1814 na mwaka 1816 ikapatikana michoro ya zamani ya uso wa kanisa hilo: nusu moja ilionekana Darmstadt, na nusu ya pili Paris. Zikaunganishwa. Mwaka 1842 kazi ikaanza tena kwa kuufuata mchoro huo wa wazee, na mwaka 1880 ikakamilika, miaka 632 tangu jiwe la kwanza. Katika Vita Kuu ya Pili kanisa lilipigwa na mabomu 14, likatoboka lisianguke, ingawa mji uliolizunguka uligeuka kifusi.

Hata leo kazi haijakwisha. Kanisa hilo lina karakana yake yenyewe, na waashi, mafundi wa paa na mafundi wa vioo wanaofanya kazi mwaka mzima. Wakimaliza upande mmoja, upande wa pili umekwisha kuchakaa. Wenyeji wana msemo kwamba siku kanisa litakapokwisha, ndiyo siku dunia itakapokwisha. Watoto walipanda ngazi 533 za mnara pamoja na mama yao. Mimi na mama tulibaki chini, tukatazama jiwe jipya jeupe lililopachikwa kati ya mawe meusi ya kale, bila kufichwa. Mama alilitazama kitambo, asiseme neno.

MILANO, NJIANI

Kwenda Italia tulipita Uswisi, na treni ikaingia katika njia ya chini ya mlima wa Gotthard, ambayo ina urefu wa kilomita 57 na ilifunguliwa mwaka 2016. Tulibadilisha treni Milano. Mji huu wahusiana na kwetu kuliko wengi wanavyojua. Giovanni Battista Cairati, aliyechora ramani ya Ngome ya Mombasa, yaani Fort Jesus, iliyoanzwa na Wareno mwaka 1593, alikuwa mtu wa Milano. Watoto walistaajabu kwamba fundi wa huko alichora ngome waionayo karibu na nyumba ya bibi yao, na kwamba tangu mwaka 2011 ngome hiyo imehesabiwa na Umoja wa Mataifa katika urithi wa dunia.

FLORENCE: KUBA LA MFUA DHAHABU

Kanisa kuu la Florence lilianzwa mwaka 1296. Kuta zilipopanda, ukabaki uwazi mpana kupita mita 40, wala hapakuwa na mtu aliyejua namna ya kuufunika. Miti ya kutosha kutengeneza kiunzi cha kuegemeza kuba kubwa hivyo haikuweza kupatikana. Hata hivyo wenyeji hawakupunguza ukubwa wa kanisa lao. Waliendelea wakitumaini kwamba atatokea mwenye kujua.

Alitokea Filippo Brunelleschi, ambaye ufundi wake wa kwanza ulikuwa kufua dhahabu. Kati ya mwaka 1420 na 1436 alijenga makuba mawili, moja ndani ya jingine, pasipo kiunzi kilichosimama toka chini. Matofali aliyapanga kwa kukingamana, mengine ya kulala na mengine ya kusimama, mfano wa ukili uliosukwa, hata kila mstari ukaushika mwenzake usiteleze. Vitu vizito vilipandishwa kwa mtambo uliozungushwa na ng'ombe. Brunelleschi alifariki mwaka 1446, na kile kimnara cha marumaru kilicho juu ya kuba kikamalizwa na wengine mwaka 1461.

Jioni ya siku ile mama alitoa kauli yake. Alisema kwamba Wren alijenga jipya kwa sababu la kale lilikuwa limeungua. Nyumba ya baba yake haijaungua, ingali imesimama. Akasema tena kwamba kuta za mawe ya matumbawe na chokaa hunywa unyevu na kuutoa; ukizipaka saruji, unyevu na chumvi hufungiwa ndani, na mawe huliwa polepole pasipo mtu kuona. Dari ya zege nayo ni mzigo ambao kuta hizo hazikujengewa. Lakini neno lake kubwa lilikuwa hili: wale watakao kazi iishe mara moja wanataka kitu ambacho hata Köln hawajakipata.

Shauri lake ni kwamba kila nyumba katika jamaa itoe mchango mdogo kila mwezi. Chumba kitengenezwe baada ya chumba, kwa kibali cha wasimamizi wa Mji wa Kale. Boriti zinunuliwe kwa wakataji wenye leseni. Na vijana wawili wa jamaa wakae na fundi wa chokaa mpaka waijue kazi. Si wote waliokubali. Ndugu yake mmoja asema mchango wa kila mwezi ni deni lisilo na mwisho. Mama amjibu kwamba asemavyo ni kweli, na hivyo ndivyo mirathi ilivyo.

MASHAURI KWA MSAFIRI

Msomaji anayekusudia safari kama hii na ajue kwamba viza ya Uingereza ni mbali, na viza iitwayo Schengen, itumikayo Ufaransa, Ujerumani, Uswisi na Italia, ni mbali. Ngazi za kuba la Florence ni 463, nazo hupandwa kwa saa iliyowekwa, basi hapana budi kuagiza tikiti mapema. Mavazi yafunike mabega na magoti, maana hayo ni nyumba za ibada. Wazee wasilazimishwe kupanda minara. Wawekwe penye kivuli na mtu wa kuzungumza naye. Na katika kila mji msafiri aulize iko wapi karakana ya mafundi, kisha arudipo nyumbani aikague dari yake mwenyewe kabla ya masika.