Ruta ya bei poa yaweza kumtia hasara mwenye duka

Na Mwandishi Wetu

MNUNUZI wa ruta ya intaneti kutoka Mwananyamala anapofika Kariakoo huuliza mambo matatu: bei, kasi, na kama kifaa kinapokea laini ya kampuni yoyote ya simu. Swali la nne, ambalo ndilo lenye fedha ndani yake, kwa kawaida haliulizwi: mtengenezaji ataendelea kukirekebisha kifaa hiki hadi mwaka gani?

Ruta ni kompyuta ndogo. Ndani yake imo famweya, yaani programu iliyopachikwa kiwandani ili kukiendesha kifaa. Kama programu nyingine yoyote, famweya huwa na kasoro, na nyingi hugundulika kifaa kikiwa kimekwisha kuuzwa. Mtengenezaji mwangalifu hutoa toleo jipya la kuziba tundu. Aliyekwisha kuhamia kwenye modeli mpya hunyamaza. Taa huendelea kuwaka na intaneti hupatikana kama kawaida, hivyo mwenye kifaa hana dalili ya kumshtua.

Mfano unaoeleza vema hali ya soko hili ni wa Desemba 2014. Kampuni ya usalama wa kompyuta ya Check Point ilitangaza kuwa vifaa visivyopungua milioni 12 katika nchi 189, vingi vikiwa ruta za nyumbani, vilikuwa na kasoro iliyomwezesha mtu wa mbali kuvitawala. Kasoro hiyo ilikuwa katika programu iitwayo RomPager, ambayo watengenezaji wengi waliiweka ndani ya ruta zao. AllegroSoft, kampuni iliyoiandika, ilikuwa imetoa marekebisho tangu mwaka 2005. Dawa ilikuwapo kwa miaka tisa, lakini haikuwafikia walaji kwa kuwa vifaa viliendelea kutoka na toleo la zamani.

Hasara yake ni ya fedha taslimu. Nchini Brazil, mwaka 2011, wahalifu walibadili maelekezo ndani ya modemu zipatazo milioni 4.5. Mteja aliyeandika anuani sahihi ya benki yake alipelekwa kwenye ukurasa wa bandia na kuibiwa namba zake za siri. Aidha, Mei 2025, shirika la upelelezi la Marekani, FBI, lilionya kuwa ruta kuukuu zisizohudumiwa tena zilikuwa zikitekwa, kisha njia zake kuuzwa kwa wahalifu wanaotaka kuficha walipo. Uhalifu wa namna hiyo ukifuatiliwa, huonekana umetoka kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la mwenye ruta.

Malipo yanayofanywa kwa menyu ya simu, kama ile ya *150*00#, hayapiti kwenye ruta. Walio hatarini zaidi ni wenye maduka, zahanati na ofisi ndogo wanaoagiza mali kwa barua pepe, kuingia kwenye akaunti za benki kwa kompyuta, au kufunga kamera za ulinzi.

Mwananyamala ina jambo lake la ziada. Katika nyumba za vyumba vingi, ni kawaida ruta moja kuhudumia fremu ya mbele na wapangaji wa uani, nao huchangia malipo ya mwezi. Neno la siri la Wi-Fi hujulikana na wote, pamoja na waliokwisha kuhama. Mwenye neno hilo ameshaingia ndani ya uzio. Akikuta ukurasa wa kuongozea ruta bado unafunguka kwa neno la kiwandani, kama "admin", hana kazi kubwa iliyobaki.

Tufanye hesabu kwa bei za mfano. Ruta ya sh. 60,000 inayotelekezwa na mtengenezaji baada ya mwaka mmoja ni sawa na sh. 5,000 kwa kila mwezi wa usalama. Ya sh. 120,000 inayohudumiwa miaka mitano ni sh. 2,000 kwa mwezi. Iliyoonekana rahisi dukani ndiyo ghali.

Kwa upande wa sheria, vifaa vya mawasiliano vinavyoingia nchini vinatakiwa kuthibitishwa na Mamlaka ya Mawasiliano, TCRA. Hata hivyo, muhuri wa siku ya kuingia hauwezi kuziba tundu litakalogundulika miaka mitatu baadaye. Uingereza imeongeza sharti jingine: tangu Aprili 29, 2024, muuzaji haruhusiwi kuuza kifaa chenye neno la siri moja kwa wateja wote, na mtengenezaji lazima atangaze muda atakaotoa marekebisho.

Wakati sharti kama hilo halijafika hapa, mnunuzi anaweza kujilinda mwenyewe. Kabla ya kulipa, atafute jina la modeli kwenye tovuti ya mtengenezaji na kuona famweya ya mwisho ilitolewa lini. Ikiwa ni miaka mingi iliyopita, aiache. Akifika nyumbani abadili neno la siri la kuongozea ruta, azime huduma ya kuiongoza kwa mbali, aweke toleo jipya la famweya, na kuwafungulia wapangaji mtandao wa wageni ulio mbali na kompyuta ya duka.

Muuzaji wa Kariakoo atakayekuwa wa kwanza kuandika tarehe ya mwisho wa marekebisho kando ya bei atakuwa na bidhaa ambayo jirani yake hana.