Unataka kuuza rili za kurambaza? Soma hapa kabla hujatoa mtaji

Tangu nipost zile rili kubwa za baharini, DM zimejaa swali moja: zinalipa? Zinalipa. Ila ukichagua mzigo kwa macho tu, mtaji wako utalala kwenye shelfu mpaka ushike vumbi.

Kwa ambao hamjakulia pwani: kurambaza ni kuvua huku boti inatembea, mishipi inaburuzwa nyuma na chambo cha bandia. Wanaofuata ni samaki wa mbio, nguru, jodari, kolekole, faulusi, na mwenyewe sulisuli. Wavuvi wetu wa Kunduchi na Kigamboni wanarambaza kwa mshipi wa mkono tangu enzi za babu zao, hao rili hawana shida nayo sana. Wateja wako ni manahodha wanaopeleka wageni Mafia, Pemba na kule Latham, na watu wenye boti zao wanaotoka wikiendi. Usiwasahau wa Ziwa Victoria, maana sangara naye anarambazwa.

Sasa tuingie kwenye rili yenyewe. Kitu cha kwanza ni breki. Samaki wa kilo thelathini havutwi kibabe. Anaachiwa akimbie, na breki inatoa uzi taratibu bila kukata. Mwezi uliopita nahodha mmoja wa Kunduchi alikuja dukani kwangu Tegeta na rili aliyonunua kwingine, bado inang'aa. Alikuwa na wageni, nguru kapiga, breki ikanata, uzi ukalia pah! Nguru kaondoka na chambo. Wageni walipanga siku tatu, wakaishia siku ile ile. Piga hesabu mwenyewe mafuta ya injini na mshahara wa vijana wawili, halafu uniambie kama ile rili ilikuwa ya bei rahisi.

Breki ziko za aina mbili. Kuna ya nyota, ile unayokaza kwa kuzungusha kitu chenye miguu kama nyota chini ya mkono wa rili. Na kuna ya wenzo, unasukuma mbele kukaza, unarudisha nyuma kulegeza. Ya wenzo ni tamu zaidi kutumia kwa sababu ukishaipima, kila ukiisukuma inarudi pale pale. Ya nyota ni rahisi kwa bei na fundi wa kawaida anaifungua akaielewa. Kampuni ya Penn ilianza Marekani mwaka 1932, na rili zao za Senator ni za nyota, muundo wa zamani sana ila mpaka leo watu wanaziulizia. Kwa za wenzo za bei ya kati, Shimano TLD manahodha wengi wanaijua, huhitaji kuieleza sana.

Mimi siuzi rili bila kuipima. Nanunua mzani wa kuning'inia, ule wa kupimia magunia madogo, nafunga uzi kwenye ndoano yake, kijana anavuta, mimi narekodi video. Kanuni ya wavuvi ni breki iachie kwenye theluthi moja ya nguvu ya uzi. Uzi wa namba 50 unabeba kama kilo 23, kwa hiyo breki iachie kwenye kilo saba na nusu hivi. Angalia mshale wa mzani: ukitulia wakati uzi unatoka, breki nzuri. Ukirukaruka, rudisha kwa aliyekuuzia. Hiyo video mtumie mteja, inauza kuliko maneno yangu yote haya.

Halafu bobini, pale uzi unapojiviringisha. Uzi wa nailoni ukirudishwa ukiwa umevutika unabana sana, bobini ya plastiki inaweza kupasuka. Chukua ya chuma. Fremu ya plastiki ngumu sio mbaya, haishiki kutu, ila kwenye mzigo mkubwa inajipinda kidogo kuliko alumini. Kwa nguru na jodari wa kawaida inatosha.

Na msidanganywe na maboksi yanayojisifu beringi kumi na mbili. Baharini kila beringi ni mdomo mmoja zaidi wa kulishwa chumvi. Chache na nzuri, gia za shaba au chuma kisichoshika kutu, basi.

Ukipata za mitumba usizidharau, nyingine ni nzuri kuliko mpya za bei ya chini. Zungusha mkono polepole, usikie kama kuna kukwaruza. Ona unga mweupe kwenye alumini, hiyo ni chumvi inakula. Angalia vichwa vya skrubu, vikiwa vimechakaa ujue fundi asiyejua kashapita humo.

Mteja akinunua, mwandikie kikaratasi: aoshe kwa maji baridi ya kumwagia taratibu. Asipige kwa mpira wa presha, maana presha inasukuma chumvi ndani. Na akimaliza kazi alegeze breki kabla ya kuweka rili stoo. Wengi wanaiacha imekazwa miezi, zile washa za ndani zinashikana, kisha lawama zinakuja kwako.

Kuhusu muda, usijaze mzigo wakati wa kusi, bahari inachafuka na watu hawatoki sana. Kuanzia Oktoba anza kupost, kaskazi ikiingia mwezi wa 12 uwe nao mkononi. Wa Mafia mzigo unapita Nyamisati kwa boti, ufunge kwenye nailoni mbili. Bei ya uzi iweke pembeni, usiichanganye na ya rili. Rili kubwa inakula mamia ya mita, na mteja akiambiwa mwishoni anaona umemzunguka.