Barua za Tabora na Jina la Gari la Moshi

Zamani barua za Tabora zilichukuliwa na wapagazi kwa miguu kutoka Bagamoyo. Mfuko wa barua za Dr. Livingstone, wenye tarehe 1 Novemba 1870, ulikawia njiani. Stanley aliukuta Kwihara, karibu na Tabora, akaufikisha Ujiji mwaka 1871, karibu mwaka mzima umekwisha pita.

Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912, na Kigoma 1914. Ndipo abiria na barua wakasafiri pamoja, kwa siku chache tu.

Na majina je? Chombo cha baharini kiletacho barua tulikiita meli, kwa neno la Kiingereza lenye maana ya barua za posta. Cha nchi kavu, ijapokuwa kilichukua barua vilevile, tulikiita gari la moshi. Leo moshi ule umekwisha, bali jina limebaki.