Kipande cha jiwe kubwa: mutoto na muzazi wake

Wale kati yetu wanaopita Kasumbalesa kuingia Zambia wanasikia Kingereza kila siku. Kuna usemi mumoja unaotugusa sisi watu wa mine: « a chip off the old block ». Maana yake ni kipande kilichokatika kwa jiwe kubwa la zamani, ao kwa gogo la muti. Wanausema juu ya mutoto anayefanana na muzazi wake. Kwa Kifaransa tunasema « tel père, tel fils ».

Lakini tuangalie matumizi. Usemi huu hausemi sana sura. Watu wa sura moja, Waingereza wanawaita mbegu mbili za njegere ndani ya ganda moja. Kipande cha jiwe ni mambo ya tabia na akili, na mara nyingi ni sifa. Mwaka 1781, kijana William Pitt, mutoto wa mukubwa wa zamani wa serikali ya Uingereza, alisema mara ya kwanza bungeni. Inasemekana Edmund Burke alimusifu hivi: huyu si kipande, ni jiwe lenyewe. Kisha miaka mbili Pitt naye akaongoza serikali, akiwa na miaka 24.

Sisi tunaelewa vizuri. Ukivunja malakiti, kila kipande kinabaki kijani. Lakini kimoja kinaenda kiwandani, kingine kwa fundi anayekichonga kuwa mukufu. Rangi moja, njia mbili.

Njo hapa tunapokosea. Jirani akisema « Huyu mutoto eko tu baba yake », wengine wanasikia: basi ashuke shimoni. Hapana! Usemi unataja tabia, hautaji kazi. Hata sheria ya mine ya 2002 inapana karte ya kuchimba kwa mutu mukubwa tu, si kwa mutoto.

Baba anaamuka saa kumi na moja, anafanya kazi bila kudanganya mwenzake. Binti yake naye anaamuka saa ile ile, anafungua kaye yake ya hesabu. Tumwambie: « Weye njo baba yako kabisa! » Hapo tumeutumia usemi wa Waingereza vizuri, kwa Kiswahili chetu, na mutoto anabaki kwa masomo.