Pumzi Haichaji Betri

Wiki hii tena nimeletewa kaseti ya Mario Tennis ya Game Boy Color, na swali ni lile lile. Gemu linawaka vizuri, lakini timu haipo. Mwenye kaseti ameshapuliza meno ya kaseti, vile vibati vinavyogusana na mashine, kila alivyoweza, sasa anauliza apulize vipi ili timu irudi. Asipulize kabisa.

Gemu likishawaka, meno yamegusana vizuri, na kilichopotea hakikuwa kwenye meno. Ndani ya kaseti mna chipu mbili za kuangalia. Moja imebeba gemu lenyewe, nayo haifutiki. Ya pili imebeba jasho lako: Alex au Nina uliyempandisha ngazi mechi baada ya mechi, mwenzake wa mechi za wawili kwa wawili, na kila uamuzi uliofanya kuhusu nguvu, kasi na mzunguko wa mpira. Chipu hii hukumbuka maadamu ina umeme, na mashine ikizimwa umeme huo hutoka kwenye kibetri bapa cha volti 3. Gemu lilitoka mwaka 2000. Timu ikiwa haipo, basi kibetri kilichokaa humo tangu siku zile kimemaliza kazi yake, na pumzi haichaji betri.

Mbona basi watu wanaapa kwamba kupuliza kuliwasaidia? Kwa sababu huwezi kupuliza bila kuichomoa kaseti, kisha ukaichomeka upya. Huko kuchomoa na kuchomeka ndiko kunakokwangua uchafu. Ulichoongeza kwa mdomo ni unyevu tu, na unyevu ukikaa juu ya chuma huleta kutu. Nintendo wenyewe waliwakanya wateja wao wasipulize kaseti. Unaponiletea meno yaliyoota ukijani na bado unatetea kupuliza, unanipa kazi mbili badala ya moja.

Meno machafu yasugue kwa pamba ya masikio yenye spiriti ya isopropili, asilimia 90 au zaidi, uache yakauke. Kama timu bado ipo, usingoje betri ife: nakili kumbukumbu kwenye kompyuta kwa kisomaji cha kaseti kabla hujagusa kitu, maana betri ikitoka tu, kumbukumbu zinafutika. Kaseti hufunguliwa kwa bisibisi maalumu ya milimita 3.8. Soma namba iliyoandikwa juu ya betri, CR1616 au CR2025, ununue hiyo hiyo, iliyokwisha kuwekewa vibati vya kulehemia. Usilehemu moja kwa moja juu ya betri isiyo na vibati, inaweza kulipuka. Usiishikize kwa selotepu, itaachia kaseti ikianguka. Huna mkono wa kulehemu? Mpelekee fundi wa simu anayeaminika, kazi ni ndogo kwake. Kama ulinakili, rudisha nakala kwenye kaseti. Kama hukunakili, timu hiyo haipatikani tena. Weka betri mpya, uanze upya Royal Tennis Academy, chuo cha tenisi cha ndani ya gemu.